Sponji, jeli au hewa: ukalie nini baada ya kuvunjika mgongo ili usipate vidonda

Kila mwezi sikosi simu mbili tatu, ama ni mgonjwa yuko wodini ama ni dada yake au mama yake, na swali ni lile lile, "kaka tumeambiwa tununue mto wa kiti, tununue upi?" Alafu kabla sijajibu picha imeshaingia, kitu kakiona dukani Kariakoo, mara nyingi ni ile ringi ya duara yenye tundu katikati. Nimechoka kurudia kwenye simu, naandika yote hapa, we soma taratibu na kama una haraka nenda moja kwa moja pale ninapoongelea hewa na sponji maana ndio ugomvi wenyewe ulipo.

Mi nimevunjika T10, yaani pingili ya kumi ya mgongo kwenye kifua, ajali ya pikipiki, mwaka wa tisa huu niko kwenye kiti cha magurudumu. Nimekalia sponji, nimekalia jeli, nimekalia hewa, na kuna kipindi nimekalia tyubu ya tairi ya bajaji (usicheke, tulikuwa hatuna hela na jirani alisema kwa babu yake ilisaidia). Sio daktari wala fizio. Ila nimelala kifudifudi miezi mitano kwasababu ya safari moja ya basi, kwahiyo naongea kama mtu aliyelipa ada.

Hiyo safari ilikuwa ya msiba, Dar kwenda Tanga. Kondakta akakunja kiti changu akakiingiza kwenye buti na mto wangu juu yake, mi nikabebwa nikawekwa siti ya mbele, siti yenyewe laini kabisa, nikajiona mfalme. Saa sita na ushee barabarani, foleni ya Chalinze sijui ilitokea wapi siku hiyo, na muda wote huo sijanyanyuka hata mara moja, tunapiga story tu. Siku ya tatu baada ya kurudi mke wangu anatandika kitanda akaniambia mbona shuka ina unyevu hapa, tukadhani mkojo. Akanigeuza. Tako la kushoto kuna alama nyeusi, ndogo kama sarafu ya mia mbili, ngozi ya pembeni inang'aa kama imepakwa mafuta. Nesi alivyokuja kuisafisha akapitisha pamba na koleo lake pale kwenye ile sarafu, likazama, likazidi kuzama, karibu vidole viwili. Mi sisikii kitu naangalia sura ya mke wangu tu.

Ndio kidonda cha mgandamizo kinavyofanya kazi na ndio maana watu wanadanganyika. Mara nyingi kinaanzia ndani, karibu na mfupa, kinakuja nje mwishoni. Chini ya makalio kuna mifupa miwili, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao la kanisani, na mtu mwenye hisia zake akiumia anahamia tako la pili hata hajui kama amehama. Sisi huo ujumbe haufiki kichwani. Nyama inabanwa kati ya mfupa na kiti, damu haipiti, inakufa kimya kimya, na ngozi ya juu inakuja kuoza wakati chini kumeshakuwa pango. Sehemu nyingine ni mfupa wa mkiani, nyonga za pembeni, visigino, vifundo vya miguu, na kwa waliovunjika shingo hata kisogoni. Karibu vyote vinazuilika. Sio kwa dawa, kwa unachokalia na muda unaokalia.

Na sio suala la hela tu. Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman, akavunjika shingo kwenye farasi 1995, alikuwa na manesi na vifaa vyote unavyoweza kuvifikiria, na Oktoba 2004 amefariki akiwa anatibiwa kidonda cha mgandamizo kilichoingia infeksheni, moyo ukasimama. Kwahiyo usije ukadhani kuna mto unaoweza kuununua ukaenda kulala usingizi.

Haya tuingie kwenye mito.

Tuanze na kuondoa takataka. Ile ringi ya duara, ya sponji au ya kujaza upepo, na tyubu ya bajaji ni mama mmoja baba mmoja. Zinaonekana zina akili, kwamba mfupa unaning'inia kwenye tundu hauguswi. Kumbe ukingo wa ringi unabana damu pande zote kuzunguka tundu, nyama ya katikati inakosa damu na inavimba. Hazifai. Hata kama duka limeandika "maalum kwa wagonjwa". Mto wa kochi na mto wa kulalia nao toa, ukiukalia nusu saa umeshakuwa chapati.

Sponji sasa. Hii ndio wengi tunaanza nayo na watu wanaidharau bure. Namaanisha sponji iliyokatwa vizuri, sio kipande cha godoro. Ya kweli ina tabaka, chini sponji ngumu inayobeba umbo, juu sponji laini, na sehemu ya nyuma pale mifupa inapokaa pamechimbwa bonde, alafu mbele ya bonde kuna kingo kidogo inayozuia usiteleze kuja mbele. Uzito unabebwa na mapaja, mifupa inakaa bondeni inapumua. Kama nyonga zako zimenyooka na hujawahi kupata kidonda hiyo inaweza ikakutosha miaka. Raha yake ni kwamba haipasuki, haina pampu, haijali kama umeme upo, ukihama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti imetulia hailegei chini yako, na fundi anayejua anaweza kukutengenezea hapa hapa kwa vipimo vyako. Pale Moshi kwenye hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia toka miaka ya themanini, na baadaye wa viti pia, kwahiyo watu wenye huo ujuzi wapo nchini, sio lazima usubiri kontena la msaada.

Ubaya wake ni mbili. Kwanza inakufa bila kukuaga. Yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa 14, kwa macho nzima, kava safi, ila ukiibonyeza na ngumi, shimo linabaki pale pale halirudi. Pili mkojo. Mpira wa mkojo ukivuja mara moja usiku sponji inanyonya, unaianika siku mbili na bado inanuka, na ngozi iliyolowa inachanika haraka sana kuliko kavu. Dawa yake ni kuwa na mbili, moja inakauka moja unaikalia, na kava ya ndani isiyopitisha maji lakini inayovutika. Sio nailoni ya kukaza kama ngoma, ukikaza kava bonde lote linapotea unakalia ngozi ya ngoma.

Jeli. Hii nakuwa mkweli sikuipenda, ingawa jamaa yangu mmoja hataki kusikia kingine. Ni mfuko wa ute mzito umewekwa juu ya kitako cha sponji ngumu. Imetulia vizuri kuliko hewa, unapohama haikurushi, na haihitaji kupimwa pimwa upepo kila asubuhi. Lakini ni mzito, kama unajibeba mwenyewe kuingiza kiti kwenye gari utaiona kilo zake. Alafu ule ute unahama, unakimbia kwenda pembeni na mfupa unabaki unakalia kitambaa, lazima kila siku uukande kama unga wa chapati urudi mahali pake. Na ukiacha mto wa jeli kwenye gari juani Dar mchana, ukaja ukaukalia, we husikii joto, unaungua. Hiyo ni kweli kwa kila kitu chetu, sufuria mapajani, chai, laptopu, siti ya gari iliyopigwa jua, ila jeli inatunza joto kwa muda mrefu zaidi. Ikipasuka imekwisha.

Hewa, ndio hiyo watu wanaita mto wa vifuko. Vifuko vya mpira vimesimama kama mahindi shambani, vimeunganishwa kwa chini, ukikaa upepo unahama kutoka kifuko hiki kwenda kile mpaka kila sehemu ya tako inabeba sawa. ROHO ndio jina watu wanalolijua, Mmarekani, mpya kule kwao ni dola mia kadhaa na ukiongeza kusafirisha unashika kichwa, ndio maana wengi tunapata zilizotumika au za msaada. Kwa kulinda ngozi, kwa mtu ambaye ameshawahi kupata kidonda, au amekonda makalio yamebaki mfupa, au amekaa upande (tako moja limebeba kuliko jingine), nikiambiwa nichague kimoja nachagua hii. Na inaoshwa! Mkojo umeingia, unafunga valvu, unaosha kwa sabuni na maji, unafuta, jioni unaikalia. Nyepesi pia.

Sasa mbona siku zote sisemi "nunua hewa" basi? Kwasababu mto wa hewa uliojazwa vibaya ni mbaya kuliko sponji. Na karibu kila mto wa hewa niliowahi kuushika kwa watu umejazwa vibaya. Wanaujaza mpaka unakuwa mpira wa miguu, wakidhani upepo mwingi ndio kinga nyingi, kumbe ukiwa umejaa sana vifuko havizamishi kalio, unakaa juu juu kama juu ya mawe. Ukiwa mdogo sana mfupa unagonga chini kwenye bodi ya kiti. Unapimwa hivi, unaujaza zaidi kidogo, unaukalia mkao wako wa kila siku miguu ikiwa kwenye vikanyagio, mtu anaingiza mkono kati ya vifuko na tako anatafuta mfupa ulioshuka chini kuliko wote, alafu unafungua valvu upepo unatoka taratibu mpaka kati ya mfupa na sakafu ya mto ibaki kama sentimita moja na nusu hadi mbili na nusu. Hapo funga. Na usipime mara moja maisha yote, kila asubuhi peleka mkono.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu, ni milima. Nilipanda Arusha na mto nilioupima Dar asubuhi. Arusha iko juu mita 1,400 hivi, hewa ya nje huko ni nyepesi kwahiyo ile uliyoifungia ndani inatanuka, nimefika mto umekaza kama tairi. Kurudi ni hatari zaidi kama umeupima upya ukiwa juu, maana ukishuka pwani unasinyaa na unakalia bodi bila kujua. Ndugu zetu wa Nairobi mnaoshuka Mombasa ni zaidi ya mita 1,700 mnaporomoka nazo, ukifika kitu cha kwanza kabla ya madafu ni kupima mto. Kwenye ndege vivyo hivyo.

Alafu miiba, misumari, panya (ndio, panya). Inakuja na viraka vyake lakini vikiisha fundi baiskeli wa mtaani kwetu amenizibia mara mbili na solusheni yake na imeshika. Ila mpaka uzibe unakalia nini? Kwahiyo mwenye hewa lazima awe na sponji ya akiba. Mwenye sponji hahitaji kuwa na hewa ya akiba, umeona tofauti hapo. Na kwa mtu ambaye hana nguvu ya kiwiliwili, hewa inayumba, anaegemea upande bila kujua, au akijaribu kuhama mto unamponyoka.

Kwahiyo nikiulizwa na mtu ametoka wodini juzi, ngozi nzima, anakaa kijijini na hana mtu wa kupima pima, namwambia sponji ya bonde, mbili. Ameshawahi kupata kidonda, au amekonda sana, na nyumbani kuna mtu makini, hewa, na sponji ya akiba. Jeli namwachia yule anayejihamisha mwenyewe mara nyingi kwa siku na hataki kuyumba, na hana mpango wa kubeba kiti kwenye gari peke yake. Mtu wa shingo ambaye hawezi kujinyanyua kabisa, hapo usiamue na mimi, tafuta mtu wa viti akupime, maana tatizo lake sio mto tu, ni kiti kizima na mgongo wake unakaaje.

Ila upi uwe upi kuna jaribio moja halina gharama na nashangaa hatufundishwi wote. Ni la mafunzo ya viti ya WHO. Kaa kwenye mto wako, mwenzio apitishe mkono chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikiangalia juu. Akiweza kuzichezesha ncha za vidole juu na chini, hata nusu sentimita tu, mto unafaa. Hawezi kuchezesha lakini mkono unatoka kirahisi, hiyo ni onyo, usikae muda mrefu. Vidole vimebanwa mpaka anavuta kwa nguvu, shuka kwenye huo mto leo hii hata kama umeuzwa milioni. Pima pande zote mbili, maana wengi wetu tumekaa upande bila kujijua.

Sasa kujinyanyua. Wodini tulifundishwa pushapu, unashika magurudumu unajinyanyua, unahesabu mpaka kumi na tano, unakaa. Nimepiga hizo pushapu miaka minne nikijiona mwanajeshi, mabega yakaanza kulia, na mabega ndio miguu yetu, yakiisha umeisha. Alafu kuna wataalam wa Uingereza walipima oksijeni ya ngozi ya makalio ya watu wetu hawa, wakakuta inahitaji karibu dakika mbili za kunyanyuka ndio damu irudi sawa sawa. Nani anapiga pushapu ya dakika mbili? Hakuna. Kwahiyo nimehamia kuinama, unalaza kifua mapajani kama unafunga kamba za viatu, au unaweka viwiko kwenye meza, au unaegemea upande mmoja mpaka tako la pili liwe hewani, dakika mbili, kisha la pili. Kila nusu saa hivi. Hata kwenye kikao unaweza, watu wanadhani unasoma simu. Mtu wa shingo asiyeweza kuinama mwenyewe, mwenzie anakilaza kiti nyuma anakishikilia magotini kwake, hiyo nayo inahesabika. Pushapu mi naiacha kwa ajili ya kuhama tu, na hata kuhama nyanyua tako usiburuze, kuburuza kunachuna ngozi kuliko kukaa.

Kitandani ugomvi ni godoro la pampu au godoro la kawaida. Godoro la pampu lina mirija ya upepo, inajaa na kupungua kwa zamu kila baada ya dakika kadhaa, kwahiyo sehemu inayobanwa inabadilika yenyewe. Linasaidia, sikatai, hasa kwa mtu wa shingo au mwenye kidonda tayari. Lakini nimeona familia imekopa kununua pampu alafu wakaacha kumgeuza mgonjwa kwasababu "godoro linamgeuza". Halimgeuzi. Na umeme ukikatika saa saba usiku mirija inalala na mgonjwa analala juu ya chaga. Ukilinunua liweke juu ya godoro la sponji zima, sio juu ya mbao, na luku isiishe. Usilitandikie blanketi mbili na makintoshi na khanga juu yake, hapo umelizima mwenyewe.

Godoro la kawaida la sponji nzito, lisilo na bonde katikati, na mtu wa kukugeuza, kwa bei yake mi naliona bado ndio mshindi. Dokta Ludwig Guttmann pale Stoke Mandeville Uingereza, alipofungua wodi ya watu wa mgongo Februari 1944 wakati wengi wetu tulikuwa tunahesabiwa maiti, silaha yake haikuwa godoro la ajabu, ilikuwa ni kugeuza watu kila masaa mawili usiku na mchana bila huruma. (Ndio huyo huyo alianzisha michezo iliyokuja kuwa Paralimpiki.)

Kugeuzwa nako kuna namna. Ukilazwa ubavu kabisa, nyuzi tisini, unabeba uzito wote kwenye mfupa wa nyonga na hapo ngozi ni nyembamba. Bora nusu ubavu, kama nyuzi thelathini, mto mgongoni umekushikilia, mto mwingine katikati ya magoti yasigusane. Kifudifudi ndio bora kuliko zote kama kifua na mabega vinaruhusu, unaanza na dakika ishirini unaongeza taratibu, sa hivi mi nalala hivyo usiku kucha karibu, mto chini ya kifua, mto chini ya mapaja, na miguu vidole vinaning'inia nje ya godoro. Kichwa cha kitanda usikinyanyue sana ukae nusu umelala nusu umekaa unaangalia tamthilia, mwili unateleza chini na ngozi inabaki juu, mfupa wa mkiani unachanika hivyo. Visigino weka mto chini ya mashavu ya miguu kisigino kielee hewani. Ile ya kujaza maji kwenye glavu na kuiweka chini ya kisigino, naiona wodi nyingi, kwa roho nzuri kabisa, lakini kisigino bado kinagusa kitu na kinabanwa.

Kioo au simu? Kila asubuhi na jioni lazima uangalie. Kioo cha mpini mrefu unajiangalia mwenyewe bila kumsumbua mtu, ila kwenye chumba chenye giza hakioni chochote. Simu ina taa na inatunza picha za jana ukalinganisha, mi natumia simu, albamu ina jina ambalo hakuna mtu atalifungua. Na sikiliza, vile vitabu vinavyosema "tafuta wekundu" vimeandikwa kwa ngozi za wazungu. Kwetu wekundu hauonekani. Tafuta palipo peusi zaidi kuliko jirani yake, au panapong'aa, kisha gusa kwa nyuma ya kiganja, kama pana joto zaidi, au pamekuwa pagumu au pamelegea kama embe lililoiva upande, linganisha na tako la pili. Ukikuta, toka hapo. Usikae wala usilalie hapo mpaka parudi kawaida, hata kama ni siku nne na una harusi Jumamosi.

Usipasugue, usipakande. Najua bibi anapenda kukanda na maji moto, mwambie kwa heshima bibi hapa hapana, nyama ya ndani imeshajeruhiwa ukiikanda unaimaliza, na maji hayo hujui joto lake. Spiriti inakausha ngozi inapasuka. Ule unga wa vidonge unaomwagwa kwenye kidonda unaganda juu unafunika uchafu ndani. Pametoboka, ni hospitali, na kama kuna harufu, homa, au unaona kitu cheupe kigumu ndani, ni hospitali leo. Waliovunjika kuanzia T6 kwenda juu mkianza kuumwa kichwa ghafla kama kinapasuka na jasho linatoka usoni, inuka ukae, legeza nguo na kagua mpira wa mkojo kwanza, kisha tumbo na ngozi, maana kidonda usichokisikia kinaweza kupandisha presha mpaka juu kabisa na hiyo ni dharura, hamna kusubiri asubuhi.

Vidogo vidogo vya kumalizia. Jinzi yenye mifuko ya nyuma, toa mifuko au toa jinzi. Simu, funguo, chenji, hata kizibo cha soda kikiingia chini yako asubuhi jioni ni shimo. Ndoo au kiti cha chooni cha plastiki kigumu usikalie nusu saa ukisoma meseji. Mayai, dagaa, maharage, ngozi inajengwa na hivyo, na sigara inaibana mishipa ile ile unayojaribu kuiokoa.

Sa hivi nikipanda basi mto unaingia kabla yangu. Namwambia kondakta kiti weka buti, mto lete hapa, na kama siti inakuwa ndefu nagonga kichwa kwenye dari basi nagonga. Kila wakipunguza mwendo kwenye kituo nainama napumzisha makalio, bibi mmoja wa siti ya pili akaniuliza mjukuu wangu unaumwa tumbo. Na yule aliyenitumia picha ya ringi ya Kariakoo nimemwambia aombe wamrudishie hela yake, wakikataa aigawie watoto wa mtaani waogelee nayo Coco, yeye aanze kutafuta sponji.